Yafuatayo Yako Wapi?

Niliulizwa swali hilo mbele ya watu wasiopungua kumi, na sikuwa na jibu. Aliyeuliza ni mzee mmoja wa usuluhishi, mkono wa miwani yake umefungwa kwa uzi, karatasi yangu ameishika mbali na uso kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana. "Kijana," akasema, "hapa umeandika 'kwa masharti yafuatayo'. Haya. Yafuatayo yako wapi?"

Baada ya maneno yale palikuwa na nukta mbili. Chini ya nukta mbili palikuwa na sahihi ya mnunuzi, dole gumba la bibi yangu, na majina ya mashahidi wawili. Basi.

Mpenzi msomaji, najua wengi tunaokutana katika kurasa hizi tunakuja kuzungumza riwaya na mashairi, si mashamba ya mikorosho ya Kurui, wilayani Kisarawe. Lakini nivumilie kidogo. Mimi ni mwenzenu. Nina madaftari matatu ya riwaya chini ya kitanda, nimemaliza kidato cha nne, na mchana nauza kwenye duka la mjomba pale Gongo la Mboto. Nimesoma vitabu vya uandishi kila nilipovipata. Hakuna kilichonifundisha kama karatasi ile moja ya mistari.

Nianze na Kiingereza, maana ndiko ugonjwa ulikotoka.

Sekondari tulisomeshwa kwa Kiingereza, masomo yote isipokuwa Kiswahili chenyewe. Sisi tuliotoka shule za msingi za Kiswahili tuliingia kidato cha kwanza kama watu waliotumbukizwa mtoni usiku. Nilichoshika ili nisizame ni vipande vya maneno. Si sentensi, vipande tu. Na kati ya vyote nilivipenda zaidi vile vinavyonyoosha kidole mbele: "as follows", "the following", "below", "as will be shown". Kila karatasi ya mtihani ilianza navyo: jibu maswali yafuatayo. Kila barua ya mkuu wa shule kwa wazazi ilikuwa navyo. Nikaona hiyo ndiyo sauti ya wakubwa. Mtu akiandika kwamba sababu zake ni "as follows", hata kabla hajataja moja, tayari anaonekana anazo!

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mkali juu ya vipande hivyo. Alisema "as follows" haibadiliki. Sababu iwe moja au ziwe ishirini, usithubutu kuandika "as follow". Alisema Mwingereza akitaka kutanguliza jambo ambalo bado hajalisema atatumia "this", lakini "that" mara nyingi humrudisha msomaji kwenye lililokwisha semwa. Na alisema ukishaandika "the following three", hesabu vidole vyako. Ukiahidi matatu yawe matatu. Hilo la vidole nililiandika pembeni mwa daftari, nikalipigia mstari mwekundu, nikalisahau.

Sasa jambo la ajabu ni hili. Nilikuwa nahangaika kujifunza kwa Kiingereza kitu ambacho lugha yangu inakifanya tangu nikiwa mgongoni kwa mama. "The following" ya Kiingereza haikuambii kama wanaokuja ni watu, ng'ombe au matatizo. Kiswahili hakifichi. Wafuatao wana roho. Yafuatayo ni mambo, kaa uyasikilize. Vifuatavyo ni vitu, leta kikapu. Kabla hujaona orodha umeshajua umbo lake. Tena tuna "hivi" na "hivyo". Mtu akikwambia "alinijibu hivi", unatega sikio; akikwambia "alinijibu hivyo", jibu umeshapewa. Ile "o" ya mwishoni ndiyo inayokugeuza kichwa utazame ulikotoka: hayo, hiyo, huyo.

Angalia barua zetu za kiofisi. "Husika na kichwa cha habari hapo juu", inakupandisha. "Maelezo ni kama ifuatavyo", inakushusha. Msomaji anapanda na kushuka kama mtu aliyepoteza ufunguo, na mara nyingi habari yenyewe ilikuwa ni ya mistari miwili. Kijiweni kwetu kuna jamaa akitaka kukopa elfu moja huanza kwa "mambo mawili matatu". Ukisikia hivyo, shika mfuko.

Lakini bingwa wa mchezo huu simjui mwingine zaidi ya bibi yangu. Nilipokuwa mdogo, likizo zote nilikuwa Kurui, na usiku alitupigia hadithi. Paukwa! Pakawa! Akifika pabaya anapunguza sauti, anasema: "Wakasikia majani yanavunjika. Mara likaja..." halafu ananyamaza. Ananyamaza kabisa, anatengeneza khanga yake. Na sisi tayari tumeshikana mikono. Kwa nini? Kwa sababu hakusema "akaja". Angesema "akaja" tungejua ni mtu, pengine mjomba anatoka shamba. Alisema "likaja". Zimwi lilikuwa limeshaingia ndani ya nyumba kwa silabi moja, jina lake likiwa bado njiani. Wapo wenzangu wanaoshangaa sentensi za Kiingereza zinazoanza na "he" halafu jina linakuja mkiani, wakiona ni ufundi wa hali ya juu. Jamani! "Alipofika mtoni, Juma alivua viatu." Hiyo "a" ya mwanzo ni nani kama si Juma ambaye bado hajatajwa? Tunafanya hivyo kila siku tukinunua maandazi.

Kwa hiyo bibi alikuwa anajua. Angeshika kosa langu mara moja. Tena kusoma anajua. Alisoma elimu ya watu wazima miaka ya 1970, na mpaka leo anakumbuka ubao ulivyoegemezwa kwenye mti. Ila wakati ule wa karatasi macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Na hiyo ndiyo sababu ya kuuza shamba: apate fedha za kutibiwa.

Lilikuwa eka mbili, lina mikorosho kumi na mmoja. Mnunuzi alitoka Dar es Salaam, mtu mstaarabu, alikuja na soda za watoto na kumwamkia kila aliyemzidi umri. Walizungumza chini ya mwembe asubuhi nzima, na bibi alimwambia kwa mdomo wake masharti matatu. Korosho za mikorosho ile atavuna yeye mpaka siku atakayoondoka duniani. Njia ya kwenda kisimani isizibwe. Kaburi la babu lisiguswe. Mnunuzi akasema, hamna neno bibi. Sote tulisikia. Kisha mtu mmoja akasema: "Aandike msomi."

Msomi ni mimi.

Nilikuwa nimejiandaa. Mjomba alikuwa na mkataba wa kiwanja chake, umeandikwa kwa Kiingereza, nami niliuchukua uwe kielelezo. Maana sheria za nchi hii kwa miaka mingi ziliandikwa kwa Kiingereza, mpaka marekebisho ya mwaka 2021 yalipotamka Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Mikataba mingi ya mitaani bado ina kivuli cha lugha ile. Mkataba wa mjomba ulikuwa umejaa ninavyovipenda. Kulikuwa na "hereinafter", neno moja lenye maana ya "kuanzia hapa na kuendelea", ambalo hulipati popote ila kwa wanasheria. Nikalitafsiri kwa kujivuna: "ambaye katika mkataba huu ataitwa MUUZAJI." Nikalisoma kwa sauti.

Bibi akauliza, "Muuzaji ndiye nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Mimi nina jina, mume wangu."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Sikulisikia alilosema. Neno lile linanyoosha kidole mbele kwa namna ya peke yake: likishaandikwa, jina la mtu halirudi tena. Mistari yote iliyobaki ni Muuzaji amefanya hili, Muuzaji amepokea lile. Mwanamke aliyepanda mikorosho ile kwa mkono wake, miche akiimwagia maji ya kuchota kisimani, alionekana katika karatasi mara moja tu, juu kabisa.

Na hapo juu nilipapamba mno. Tarehe kwa maneno na tarakimu. Mipaka: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Nilipoandika "Mnunuzi amekubali kulinunua shamba hilo kwa masharti yafuatayo" na kuweka nukta zangu mbili, karatasi ilikuwa imebakiwa na mistari sita. Mashahidi wakasema, "Acha nafasi ya sahihi. Gari linaondoka. Masharti si tunayajua sote? Utayaandika kwenye karatasi ya pili."

Nikaona sawa. Karatasi ya pili niliiandika usiku uleule kwa hati nzuri kuliko ya kwanza, namba moja mpaka tatu. Haikupata sahihi ya mtu yeyote. Ninayo hapa mezani ninapoandika haya.

Mwaka haukuisha. Mikorosho minne ilikatwa kupisha banda la kuku. Ilikatwa mwezi wa Septemba, imeshachanua. Bibi hakuona ikianguka, alisikia shoka.

Tulipoitwa mbele ya wazee mnunuzi alisimama akasema kwa adabu: "Kaburi nakumbuka, na sijaligusa. Njia nakumbuka, ipo. Habari ya korosho sikumbuki. Nionyesheni ilipoandikwa." Ndipo mzee akanishikia karatasi mbali na uso wake. Na nitawaambia kinachoniuma mpaka leo: sidhani yule bwana alisema uongo. Nadhani alisahau. Yalizungumzwa mengi asubuhi ile, na soda zilikuwa zinapita. Karatasi huandikwa kwa ajili ya siku hiyo ambayo mtu mwema atasahau, nami niliijaza dira ya pande nne za dunia nikaacha tupu mahali pa maneno ya bibi. Nilipotoa karatasi yangu ya pili wakaitazama, wakanirudishia taratibu. Mmoja akasema, "Hii umeandika wewe tu."

(Nilikwenda baadaye kuisoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999. Kumbe tulikuwa na kosa jingine kubwa zaidi: mauzo yale yalipaswa kupata kibali cha halmashauri ya kijiji, wala si kumalizwa chini ya mwembe. Hilo tunalirekebisha.)

Niliporudi Gongo la Mboto nikatoa madaftari ya riwaya. Nilitaka kusahau. Nikayasoma tangu mwanzo, na nikapata baridi ya mwili. Sura ya kwanza: "Hakujua kwamba uamuzi huo ungembadilishia maisha." Sura hiyohiyo, ukurasa wa saba: "Kama tutakavyoona baadaye, bahasha ile haikuwa ya kawaida." Sura ya tatu: "Laiti angegeuka nyuma!" Nilikuwa nimempa rafiki yangu mmoja, fundi baiskeli, madaftari yale miezi mitatu nyuma, akanirudishia kimya. Nikamfuata, nikamwomba anieleze ukweli. Alifuta mikono kwanza.

"Bahasha ilikuwa na nini?" akaniuliza.

Nikafikiri. Sikujua. Mimi mwandishi sikujua! Nilikuwa nimeandika sentensi ile kwa sababu ilikuwa na mlio wa riwaya.

"Na yale maafa uliyosema yanamjia? Nimefika sura ya tisa jamaa ana afya njema, ananenepa."

Tukacheka mpaka wateja wakageuka. Lakini usiku sikulala. Niliona ni karatasi ileile. Nilifanya kwa msomaji nilichomfanyia bibi: nimenyoosha kidole mbele kwa mbwembwe, na mahali kidole kinapoelekea hapana kitu.

Nadhani wengi wetu tunaouanza uandishi tunaugua hivi, na sababu mojawapo ni namna tulivyosoma. Mimi riwaya za magazetini nilizisoma kwenye karatasi za kufungia karanga. Unakula, unasoma. Inafika pazuri, mlango unagongwa usiku wa manane, chini kabisa herufi nzito: ITAENDELEA. Wiki inayofuata gazeti lenye mwendelezo limefungiwa karanga za mtu mwingine, pengine Mbagala. Kwa hiyo nilikua nikidhani utamu wa hadithi ni kule kuahidi. Malipo sikuwahi kuyaona, na sikujua kama yapo. Ben Mtobwa ana riwaya ambayo jina lake lenyewe ni swali, "Tutarudi na Roho Zetu?" Niliiazima haina jalada la nyuma wala kurasa za mwisho. Nikabaki na swali! Ilinichukua miaka kupata nakala nzima, na nilipoipata niliruka moja kwa moja kwenye kurasa zilizokosekana, nimesimama palepale kwenye meza ya muuza vitabu, mpaka akaniuliza kama nanunua au nasoma.

Baada ya mambo ya shamba nilirudi kwa Shaaban Robert, kwenye "Adili na Nduguze" ya mwaka 1952, kitabu nilichokisoma zamani kwa kukimbia. Safari hii nilisoma nikiwa na kalamu. Ikibali, mjumbe wa mfalme Rai, anakwenda Janibu kwa Adili, anapokewa kwa heshima. Usiku anamwona mwenyeji wake huyu, mtu mwema asiye na doa, anawachapa manyani wawili kwa mjeledi. Kisha analia. Usiku unaofuata tena. Wewe msomaji unatiwa jambo hilo mkononi kama mzigo usio na maelezo, na unaubeba. Hujui manyani ni nani. Lakini mwandishi anajua tangu fimbo ya kwanza, na kila kinachosimuliwa Adili anapoitwa kujieleza kinakwenda kulipia fimbo zile: hao ni ndugu zake wa damu. Nilitazama ni maneno gani yanayoninasa nisubiri. Ni fimbo, na machozi ya anayepiga. Ni kama bibi na "likaja" yake: silabi inatosha kwa kuwa zimwi lipo kweli nyuma ya mti.

Basi nikachukua kalamu nyekundu nikapita madaftari yote matatu. Kila nilipokuta "baadaye", "hakujua", "kumbe siku hiyo", nikaandika pembeni namba ya ukurasa ambapo jambo hilo linatimia. Palipokosa namba nilikata. Zilibaki sehemu nne. Riwaya imepungua kurasa thelathini na kitu, na bahasha nimeifuta kabisa, ingawa fundi baiskeli anasema ameanza kuikumbuka.

Fedha za shamba zilifanya kazi yake. Bibi alipasuliwa jicho la kulia, na baadaye la kushoto. Siku ya kwanza aliporudi Kurui alikwenda kuhesabu mikorosho kwa macho yake: saba. Hakuniambia kitu. Alinikaribisha chai.

Mwezi uliopita nilikwenda na karatasi mpya kwa ajili ya kikao cha halmashauri. Mnunuzi amekubali kusaini kuhusu mikorosho iliyobaki. Kikao kimepangwa mara mbili kikaahirishwa, kwa hiyo sahihi yake bado sijaiona, nami sitasema ameshatia. Safari hii niliandika kinyumenyume. Nilianza na masharti, moja, mbili, tatu, nikayamaliza. Kisha ndipo nikapanda juu na kuandika kwamba masharti ni matatu yafuatayo. Mipaka ya shamba nikaitia mwishoni, kwa ufupi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Lete nione."

Alivaa miwani. Aliweka kidole cha shahada juu ya karatasi akawa anasoma kwa sauti ndogo, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa chini ya mti: ma-sha-rti... ya-fu-a-ta-yo. Kidole kikasimama kwenye nukta mbili. Kikashuka. Akasoma la korosho mpaka mwisho. Akasoma la njia. Alipofika kwenye kaburi la babu alisoma mara mbili. Kisha kidole kikarudi juu, kikatembea kwenye mstari wa majina, kikitafuta.

"Yule Muuzaji yuko wapi?"

"Nimemtoa, bibi. Nimeandika jina lako."

Nilikuwa nimekuja na kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba. Akakisukuma pembeni, akaniomba kalamu.